Staftahi ya Bibi wa Ng'ambo

Katika nyumba niliyolelewa, mtaa wa Ng'ambo mjini Tabora, asubuhi hatukuwa tunakunywa chai. Chai ilikuwepo, tena ya maziwa na tangawizi, lakini mlo wenyewe tuliuita staftahi, kwa sababu bibi yangu mzaa baba hakukubali jina lingine. Majirani walisema chai, shuleni walisema chai, na redioni nilisikia wakisema kifungua kinywa. Bibi aliwasikia wote na hakubadilika. Alisema chai ni kinywaji, na mtu akikuita uje kunywa chai kisha akakupa na kiazi, atakuwa amekudanganya.

Bibi ndiye aliyenilea. Baba alifariki nikiwa mdogo, na mama akaolewa tena Kahama. Nilibaki na bibi, na baba yangu mdogo, ambaye alikuwa fundi baiskeli, akaishi nyumba ya pili kutoka yetu. Bibi aliamka kwa adhana. Akishaswali aliwasha moto, akainjika birika, akachemsha viazi vitamu au mihogo, na siku ambazo unga wa ngano ulikuwepo alikaanga maandazi. Asali haikukosekana mezani, maana Tabora kukosa asali ni kama kukosa maji. Halafu alipaza sauti moja tu, "Staftahi tayari," nasi tukajua hakuna wa kutoka mlangoni kabla hajatia kitu tumboni.

Sikujua kwamba neno hilo ni la ajabu mpaka nilipokuwa shule ya msingi. Mwalimu alituuliza mmoja mmoja tunafanya nini kabla ya kuja shuleni. Wenzangu walisema wanaoga, wanafagia, wanachota maji, wanakunywa chai. Zamu yangu ilipofika nikasema ninapata staftahi. Darasa zima likacheka, na mvulana mmoja akauliza kama ni ugonjwa wa kuambukiza. Mwalimu aliwanyamazisha, akasema ni neno zuri la Kiswahili, ila ni la zamani. Hilo la zamani ndilo lililoshika. Mwaka mzima waliniita Staftahi, na hata leo nikikutana na baadhi yao sokoni Tabora wananiita hivyo hivyo, nami naitika.

Siku ile nilirudi nyumbani nikamwuliza bibi alilitoa wapi. Alikuwa anachambua mchele, na aliendelea kuuchambua huku akinieleza.

Alisema baba yake alikuwa akipima nguo katika duka la Mwarabu mmoja mjini. Asubuhi duka likifunguliwa, mteja wa kwanza alikuwa na heshima yake. Hata kama amekuja kununua sindano tu, haachwi aondoke mikono mitupu. Atapunguziwa bei, ataongezewa kipande, lakini lazima auziwe, maana yeye ndiye aliyeifungua siku. Mauzo hayo ya kwanza yule Mwarabu aliyaita kwa neno lile lile, na chakula cha kwanza vilevile. Baba yake bibi akalichukua neno akalileta nyumbani pamoja na vipande vya kitambaa vilivyobaki.

Lakini hiyo, alisema, ni nusu ya habari. Nusu nyingine aliisikia kwa bibi yake yeye, ambaye watu wa ukoo wake walibeba mizigo katika njia ya misafara, kutoka pwani kupita hapa kwetu mpaka Ujiji. Wapagazi waliamka kabla ya mapambazuko wakajitwika na kuondoka na midomo mikavu, ili watembee kabla jua halijawa kali. Walikula walipopiga kambi, na walikula walichopata. Walipofika Tabora walipumzika kwa muda mrefu. Hapo ndipo mtu alipoamka, akanawa uso bila haraka, akakaa chini akala asubuhi yake.

"Aliye njiani hana staftahi," bibi aliniambia. "Staftahi ni ya mtu aliyefika. Nikikupa staftahi nakwambia umefika, tua mzigo."

Nilikuwa mtoto, nikaona ni hadithi tu ya kunifariji. Nilikuja kuielewa nilipotaka kuolewa.

Wakati huo nilikuwa fundi cherehani, na barazani kwa baba mdogo nilikuwa na mashine yangu upande mmoja, yeye na baiskeli zake upande wa pili. Mwanamume aliyekuja kunioa alikuja kwanza kama mteja. Alifanya kazi katika ghala la tumbaku Urambo, na alileta suruali ipunguzwe kiuno. Aliporudi kuichukua alileta nyingine. Suruali ya tatu haikuwa na tatizo lolote, na nilimwambia hivyo. Akacheka, akakiri kwamba alikuwa ameishiwa sababu za kuja.

Kwao ni Choma, huko Igunga, kwa wafugaji na wakulima. Wazee wake walikuwa Waislamu kama sisi, ingawa nusu ya ukoo wa mama yake ni Wakristo, na nyumbani kwao walizungumza Kisukuma zaidi kuliko Kiswahili. Baba yake hakuweza kusafiri kwa sababu ya miguu, kwa hiyo ilipangwa aje mama yake pamoja na mjomba wake, waje kubisha hodi rasmi.

Nilipomweleza bibi, hakuuliza juu ya ng'ombe wala kazi ya kijana. Alisema, "Waambie waje Jumapili kwa staftahi."

Nilimpigia mchumba wangu simu nikamwambia maneno hayo hayo. Kumbe hakulijua neno, na aliona aibu kuniuliza. Akampigia mama yake, naye akalitamka kama alivyolisikia. Mama yake akampelekea mjomba. Mjomba, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo, alilitafakari, akaamua kwamba lazima limetokana na kustahi. Akawaeleza kwamba watu wa Ng'ambo ni watu wa adabu za zamani, wana siku yao maalumu ya kustahiana kabla ya posa, na katika shughuli kama hiyo mtu huenda ameshiba, huvaa vizuri, husema kidogo.

Basi wakaja Tabora Jumamosi kwa basi, wakalala kwa ndugu yao, na mchumba wangu akatoka Urambo kuungana nao. Jumapili asubuhi ndugu yao akawachinjia kuku, wakala ugali wakashiba sawasawa. Mjomba akavaa koti. Walipofika kwetu jua lilikuwa limeshapanda juu.

Bibi alikuwa ameamka kabla ya adhana siku hiyo. Alipika mikate ya kumimina, maandazi, mihogo ya karanga, viazi, na akamtuma baba mdogo akatafute asali mpya. Alitandika mkeka mpya barazani, akapanga sahani na kuzifunika kwa kawa. Kisha akakaa kusubiri. Mimi nilikula jikoni kwa kujificha, kwa sababu nilikuwa na wasiwasi, na wasiwasi hunipa njaa. Yeye hakuonja hata chai. Kadiri saa zilivyokwenda nilimwona anabadilika, mikono ikaanza kumtetemeka alipokuwa anatengeneza ushungi wake. Nilimsihi anywe angalau maji. Alikataa. Alisema amewaita watu kufungua kinywa, hawezi kukifungua chake kwanza.

Nilimpigia mchumba wangu. Akaniambia wako njiani, wanavaa. Nikaanza kulia kidogo kidogo, nikajifuta, nikarudi kupasha birika moto.

Walipofika, salamu zilikwenda vizuri. Mama yake alipiga magoti, akasema, "Shikamoo, mama," na bibi akaitika marahaba kwa sauti yake ya kawaida, kana kwamba hakuwa amekaa na njaa tangu alfajiri. Waliketi mkekani. Mimi nilikuwa chumbani, nyuma ya pazia, kama inavyotakiwa, na niliona kila kitu kupitia upenyo wa pembeni.

Bibi alifunua sahani moja baada ya nyingine, akawakaribisha. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Mjomba akakohoa. Akashukuru kwa maneno marefu, akamalizia kwamba wao wameshiba, wamekuja kwa heshima tu. Bibi akawakaribisha tena. Mjomba akashukuru tena. Baba mdogo alikunja uso. Kwetu Ng'ambo, mgeni akikataa chakula cha kwanza ulichomwandalia, ameikataa nyumba, na baba mdogo hakuwa mtu wa kuficha anachofikiri. Mchumba wangu aliinamia vidole vyake vya miguu. Mimi niliona ndoa yangu inapoa pamoja na chai ile.

Aliyeokoa mambo ni mama yake. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mwenye mikono ya mtu aliyekamua ng'ombe maisha yake yote. Alimgusa kaka yake begani ili anyamaze, akamgeukia bibi.

"Mama, usituone tuna dharau," akasema. "Huko kwetu aliyekuja kuomba mtoto hali mpaka ajibiwe. Akila kwanza, ni kama anajiona ameshapewa."

"Na huku kwetu mtu hajibiwi mpaka ale," bibi akasema. "Nitamjibuje mtu ambaye bado sijui kama amefika?"

Yule mama aliuliza, kwa upole kabisa, hiyo staftahi ni kitu gani. Bibi akamweleza yote: duka la Mwarabu na mteja wa kwanza, wapagazi na midomo yao mikavu, mtu aliyefika na mtu aliye njiani. Mjomba alisikiliza huku akivua koti taratibu. Nadhani hapo ndipo alipotambua kwamba kuku wa asubuhi alikuwa kosa.

Mama wa Choma alisema wao hawana jina la mlo huo, kwa sababu hawana mlo wenyewe. Kukipambazuka wanaume wanatoka na ng'ombe, wanawake wanakwenda shamba, na watu hutafuna kitu huko huko walipo jua likishapanda. Halafu akamwangalia bibi mikononi.

"Kwa hiyo wewe, mama, hujala tangu alfajiri."

"Sijatia kitu mdomoni. Nilikuwa nawasubiri ninyi."

Akavuta mkoba wake wa kitambaa. Ndani alikuwa na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa mpaka vikakauka, ambavyo alikuwa amevifunga kwa ajili ya safari ya kurudi. Akatoa vipande kadhaa, akaviweka kwenye sahani tupu, akampa bibi kwa mikono miwili.

"Mimi nimekatazwa kula chako," akasema. "Wewe hujakatazwa kula changu."

Bibi hakuwa na meno mengi, na matobolwa ni magumu. Alijimiminia chai kikombeni, akachovya kipande kimoja, akakiacha kikae mpaka kikalainika, akakitia mdomoni. Alitafuna polepole kweli. Akachovya cha pili. Rangi ilimrudia usoni. Alipomaliza alifuta midomo kwa pembe ya ushungi, akasema, "Sasa nimefungua kinywa, naweza kusema. Mtoto nimewapa. Kuleni."

Baba mdogo aligeuka kwa mshangao, kwa sababu jibu hilo lilikuwa lake kulitoa, na alikuwa amejiandaa kulichelewesha kidogo ili wageni wajue thamani yangu. Lakini neno lilikuwa limeshatoka. Mama wa Choma akanyoosha mkono, akachukua andazi, akalichovya kwenye asali. Mjomba naye akala, juu ya ugali wake wote na kuku wake wote, na kwa kuwa alikuwa mtu wa heshima hakuacha mabaki. Baadaye tulisikia kwamba usiku ule hakulala.

Mambo ya mahari wanaume waliyamaliza siku nyingine, na harusi ikawa baada ya mavuno.

Tangu hapo wale wanawake wawili walipendana kwa namna ambayo hata sisi wenye ndoa tulikuwa tunaionea wivu. Mama mkwe akija Tabora alifikia kwa bibi, si kwetu. Waliamka pamoja, wakakaa jikoni wakibishana juu ya chumvi kwenye mihogo, mmoja kwa Kiswahili cha mjini, mwingine kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kisukuma. Bibi alipougua miaka michache baadaye, mama mkwe alikuja akamlisha kwa mkono wake mwenyewe, na alikuwepo siku alipofariki. Nililia sana, lakini sikulia kwa majuto. Alikuwa ameishi alivyotaka, na aliondoka akiwa ameamua mambo yake mwenyewe.

Baada ya msiba huo ndipo nilipoanza kulitafuta neno kwa juhudi. Nilikuwa nimehamia Urambo na mume wangu, nikafungua chumba cha ushonaji karibu na stesheni. Mzee mmoja anayefundisha madrasa alikuja kushonewa kanzu, nikamwuliza kwa kuwa anajua Kiarabu. Alifurahi kuulizwa. Alinieleza kwamba mzizi wake ni kufungua, ni ule ule wa Al-Fatiha, sura inayoifungua Kurani, na kwamba kwa Kiarabu neno hilo lina maana ya kuomba ufunguzi, kuanza jambo. Habari ya mauzo ya kwanza dukani alikubaliana nayo. Amewasikia Waarabu wengi wakisema hivyo. Lakini habari ya wapagazi, akasema, haimo katika neno. Hakuna herufi yoyote mle inayotaja safari wala kufika. Bibi yangu alijiongezea.

Nilimshukuru, nikampunguzia bei ya kanzu. Sikubishana naye, kwa sababu yuko sahihi. Lakini bibi pia yuko sahihi, na sioni ugumu wa kuwaweka wote wawili. Mzee alinionyesha neno lilikotoka. Bibi alinionyesha lilikofika, na lilifanya kazi gani lilipofika. Neno lilikuja na watu wa njia ile, likakaa Tabora na watu waliochoka kutembea, na mtu aliyechoka hulipa neno maana anayoihitaji. Kama lingebaki na maana ya kufungua tu, mama mkwe wangu asingetoa chochote katika mkoba wake.

Watoto wangu wanasema brekifasti. Wamelipata Dar es Salaam kwa binamu zao, na siwakatazi. Ila mimi nikiita asubuhi naita kwa neno langu, na wote wanakuja.

Msimu huu wa tumbaku tumepata jirani mpya, mke wa mkulima aliyepanga nyumba ya nyuma yetu ili awe karibu na kituo cha kuuzia. Ni Mkristo, Mmoravia, kutoka vijiji vya ndani, mama mwenye mtoto mchanga. Wiki iliyopita alipita barazani kwangu asubuhi na mapema, mtoto mgongoni, akiwa na sura ya mtu ambaye bado hajazoea mahali. Nikamwambia karibu staftahi. Akasimama, akauliza kwa adabu hilo ni jambo gani, isije ikawa ni ibada yetu Waislamu.

Nilicheka, nikamwambia ni chakula. Nikamwambia maana yake ni kwamba umefika, tua mzigo. Alimfungua mtoto mgongoni, akaketi. Alikula kiazi kimoja na andazi moja, kisha akaniuliza kama ni vibaya kuomba kingine cha kumpelekea mume wake, maana ametoka gizani kwenda kupanga foleni na marobota yake ya tumbaku na hajala kitu. Nilitandaza gazeti, nikafunga maandazi yaliyobaki yote, nikajaza chai kwenye chupa. Alimrudisha mtoto mgongoni, akashika njia ya kituoni kwa haraka, ili chai ifike ikiwa bado ya moto.